Deni la Hospitali Halitibiwi kwa Riba

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu Waislamu, hakuna ovu linalopambika kwa urahisi kama ovu lililovishwa koti jeupe la daktari. Mtu akisimama na kusema kwamba anakopa kwa riba ili anunue gari la kifahari, waumini watamkemea kabla hajamaliza maneno yake. Lakini akisema anakopa kwa riba ili anunue mashine ya kusafishia damu ya wagonjwa wa figo, wengi watanyamaza, na wapo watakaoitikia amina. Makala hii inawaendea walionyamaza na walioitikia.

Tunachokisema ni kimoja. Kampuni ya afya iliyoelemewa na deni ina njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kupewa muhula bila nyongeza. Ya pili ni kupunguziwa deni, au kumgeuza mdai awe mshirika mwenye hisa. Ya tatu ni kupewa muhula kwa nyongeza. Njia mbili za mwanzo ni za uadilifu. Ya tatu ni riba ya Jahiliyya yenyewe, na hiyo ndiyo inayoitwa utaalamu siku hizi, ikapewa jina la "kupanga upya deni".

MANENO HUBADILIKA, JAMBO NI LILE LILE

Aliyesoma Kiarabu anajua msiba ulioipata lugha hiyo katika zama zetu. Benki za nchi nyingi za Kiarabu zimeacha kuandika neno "riba" katika mikataba yao, badala yake zinaandika "faida". Mwislamu wa huko anaposaini karatasi, macho yake hayaoni neno lililotajwa katika Suratul Baqara.

Sisi Waswahili tumekuwa wakweli zaidi. Katika lugha yetu faida ni pato la biashara, na riba ni riba. Benki zetu huiandika wazi kwamba mkopo ni wa riba ya asilimia kadhaa kwa mwaka. Muuza duka wa Newala asiyejua hata herufi moja ya Kiarabu anazitofautisha kauli hizi mbili. Hii ni neema, nayo imeanza kuporwa. Siku hizi tunasikia "gharama za mkopo", "tozo ya ucheleweshaji", na hilo la "kupanga upya deni". Majina yanazidi kuwa laini kadiri jambo lenyewe linavyozidi kuwa gumu.

Wafasiri wa Qur'ani wameieleza riba ya Jahiliyya kwa namna isiyoacha shaka. Muda wa deni ulipofika, mdai alimwendea mdaiwa akampa hiari mbili: alipe, au aongezewe muda na deni liongezeke. Asiyeweza kulipa alichagua la pili, na mwaka uliofuata akaulizwa vilevile. Sasa chukueni mkataba wa kupanga upya deni wa kampuni yoyote, msome vifungu vyake. Muda umefika, kampuni haiwezi kulipa, mdai anaongeza miaka mitatu, riba ambayo haikulipwa inaunganishwa na deni la msingi, kisha riba mpya inahesabiwa juu ya jumla hiyo. Ni kipi kilichobadilika tangu zama za Abu Jahl isipokuwa kwamba leo kuna wanasheria na mihuri?

Tutoe mfano wa hesabu. Tuseme kampuni inadaiwa shilingi 1,000,000,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, na imeshindwa kulipa kwa miaka mitatu, riba ikawa inaunganishwa na deni kila mwaka. Mwisho wa mwaka wa kwanza deni ni 1,180,000,000. Mwisho wa mwaka wa pili ni 1,392,400,000. Mwisho wa mwaka wa tatu ni 1,643,032,000. Zimeongezeka zaidi ya shilingi milioni 643. Kwa fedha hizo hakikununuliwa kitanda kimoja, hakikuajiriwa muuguzi mmoja, wala haikuletwa chupa moja ya dawa. Na kampuni ya afya haina mahali pengine pa kuzitoa fedha hizo ila mfukoni mwa mgonjwa.

SISI WATU WA KOROSHO TUNALIJUA JAMBO HILI

Watu wa Masasi na Newala wasidhani kwamba mambo haya ni ya Dar es Salaam na London peke yake. Sisi tunayo kangomba. Mkulima anabanwa na njaa katika miezi ya masika, au anakosa fedha ya salfa ya kupulizia ubwiri unga. Anamwendea mwenye fedha, anapewa kidogo, na anaahidi korosho msimu utakapofika. Tuwe waadilifu hapa: kulipwa kabla kwa mazao yatakayokuja si haramu kwa asili yake. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakifanya hivyo katika tende, akawaruhusu kwa masharti kwamba kipimo kijulikane na muda ujulikane. Hiyo ndiyo bay'u salam. Kangomba imeharamika kwa sababu kipimo chake ni cha dhuluma na bei yake inatokana na kumkaba mwenye dhiki. Na baya kuliko yote ni pale mikorosho inapokosa kuzaa, mkopeshaji akasema kwamba magunia mawili ya mwaka huu yatakuwa manne mwakani.

Hapo, ndugu zangu, pana mkulima aliyepangiwa upya deni lake. Serikali ilipopambana na kangomba kwa ukali katika msimu wa mwaka 2018, wengi wetu tulishangilia. Basi inakuwaje jambo tulilolilaani likifanywa na mtu mmoja chini ya mkorosho, tulisifu likifanywa na benki mezani pa bodi ya hospitali?

Tena tunayo kumbukumbu nyingine. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008, vyama vya msingi vilikopa benki ili kuwalipa wakulima malipo ya awali wakati korosho zikingoja mnada. Riba ya mikopo hiyo ikawa miongoni mwa makato yaliyomfikia mkulima. Mnada ukichelewa, riba ilizidi kuhesabiwa. Mkulima hakukopa, hakusaini, wala hakushauriwa, lakini alilipa. Hali ya mgonjwa katika hospitali yenye deni la riba ni hiyo hiyo.

KWA NINI KAMPUNI YA AFYA HUINGIA DENI

Ni haki tumsikilize na mwenye kampuni, kwani si kila mwenye deni ni mwovu. Biashara ya afya ina ugumu wake. Mashine na dawa hununuliwa kwa dola na hulipiwa mapema. Malipo ya huduma huja baadaye, na mara nyingi hutoka kwa mtu wa tatu: serikali, mfuko wa bima, au mfadhili. Baina ya kulipa na kulipwa kuna pengo la miezi, na katika pengo hilo ndimo mkopeshaji anamoingilia.

Jirani zetu wa Uganda wanayo kampuni ya kutengeneza dawa iliyopo Luzira, Kampala, ambayo leo inaitwa Quality Chemical Industries. Inatengeneza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI na dawa za malaria, na iliorodheshwa katika soko la hisa la Uganda mwaka 2018. Haukupita muda mrefu ikaonja uchungu wa deni: serikali ya Zambia ilikuwa imechukua dawa na haikulipa kwa wakati, na jambo hilo likaziumiza hesabu za kampuni. Zingatieni kwamba kampuni hii ilikuwa ndiyo inayodai! Iliponya watu wa nchi nyingine, yenyewe ikaumia. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba mwenye uwezo anapochelewesha kulipa ni dhuluma, na hukumu hiyo haikuwavua wenye ofisi za serikali.

Hapa kwetu, tarehe 1 Machi 2024, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa sababu ya mgogoro wa bei mpya za huduma. Hatuingii katika hukumu ya nani alikuwa na haki. Tunachotaka muone ni kwamba pato la hospitali linaweza kutikisika kwa siku moja kwa uamuzi wa upande mwingine, ilhali deni la riba halitikisiki. Pato la hospitali hupanda na kushuka, na riba hupanda tu. Anayefunga kitu kinachoyumba kwenye mnyororo usioyumba asishangae kitakapokatika.

KISA CHA ABU DHABI

Wapo watakaosema kwamba tatizo ni udogo wa kampuni zetu, na kwamba zikikua na kusimamiwa kwa mitaji mikubwa haya hayatatokea. Basi tuwapeleke kwenye kampuni kubwa, tena katika mji wa Waislamu.

NMC ilianzishwa Abu Dhabi mwaka 1975 ikiwa na mwanzo mdogo. Ikakua hadi ikawa miongoni mwa makampuni makubwa ya hospitali katika Ghuba, na mwaka 2012 hisa zake zikaorodheshwa London. Ikakusanya mtaji, ikanunua hospitali juu ya hospitali, ikakopa, ikatoa hatifungani. Mwaka 2018 ikatoa hata sukuk za dola milioni 400. Katikati ya mwaka 2019 hesabu zake zilionesha deni la takriban dola bilioni 2.1. Desemba mwaka huo wachunguzi wa Muddy Waters walitoa ripoti ya kuzitilia shaka hesabu hizo. Machi 2020 kampuni yenyewe ikatangaza kwamba deni linakaribia dola bilioni 6.6. Mwezi uliofuata, dunia ikiwa imefungwa milango kwa ajili ya korona na hospitali zikihitajika kuliko wakati wowote, ikawekwa chini ya wasimamizi wa mahakama.

Hisa za watu zikawa karatasi. Hospitali zenyewe hazikufungwa, kwa sababu madaktari waliendelea kutibu na wagonjwa waliendelea kuja. Mwaka 2022 hospitali hizo zilitoka chini ya wasimamizi zikiwa katika kampuni mpya, na wadai wakapewa hati za thamani ya dola bilioni 2.25 badala ya madeni yao ya zamani.

Tunajifunza mambo matatu. La kwanza, jina la sukuk halikuiokoa, kwani waraka wa halali juu ya hesabu zisizo za kweli ni sawa na udhu juu ya nguo yenye najisi. La pili, waliokopesha wakidhani wamejihakikishia nyongeza walipoteza sehemu ya rasilimali yenyewe. Hakika ya mambo ni kwamba walikuwa washirika katika hasara tangu siku ya kwanza, ila mkataba uliwafanya wajione wako salama. La tatu, hospitali iliendelea kuishi baada ya wadai kukubali kupunguza. Jambo walilolifanya mwishoni kwa kulazimika, Sheria ya Allah ingewataka walifanye mapema kwa hiari.

DENI LILILOPATANISHWA MSIKITINI

Waislamu hatuna haja ya kwenda London kujifunza namna ya kulishughulikia deni lililomshinda mtu. Imepokewa katika Sahihi mbili kwamba Ka'b bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad ndani ya Msikiti wa Mtume, na sauti zao zikapanda. Mtume (s.a.w.) akawasikia akiwa nyumbani kwake, akafungua pazia la chumba chake, akamwita Ka'b na kumwashiria apunguze nusu ya deni. Ka'b akakubali papo hapo. Kisha Mtume akamwamuru Ibn Abi Hadrad asimame akalipe iliyobaki.

Tafakarini kisa hiki kifupi. Mdai hakulazimishwa kwa nguvu, aliombwa na akaridhia. Kupunguza kulikuwa kwa mwenye uwezo. Mdaiwa naye hakuachiwa alale: baada ya kusamehewa nusu aliamriwa alipe nusu. Na katika mazungumzo yote hayo hakuna aliyetaja nyongeza. Huku ndiko kupanga upya deni kwa kweli, nako kulifanyika msikitini, mahali ambapo leo tunaogopa hata kuyataja mambo ya fedha.

Pia imepokewa na Muslim habari ya mtu aliyenunua matunda yakapatwa na janga, madeni yakamzidi. Mtume (s.a.w.) akawataka watu wamsaidie kwa sadaka. Zilipokusanywa na zisifikie deni lote, akawaambia wadai wachukue kilichopatikana, na kwamba hawana zaidi ya hicho. Nani atamwelewa mtu huyo kuliko mkulima aliyeona maua ya mikorosho yake yakikauka kwa ubwiri unga?

Na juu ya hayo yote ipo aya ya 280 ya Suratul Baqara, inayoamuru mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula mpaka apate wepesi, na inayoonesha kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Wanachuoni wa zama hizi wameyapeleka mafundisho haya katika mambo mapya. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililopo Jeddah, katika kikao chake cha mwaka 1985, liliamua kwamba nyongeza yoyote juu ya deni kwa sababu ya kucheleweshwa ni riba, sawa iwe imeshurutishwa tangu mwanzo au imekuja muda ulipofika. Na mwaka 1992 Baraza hilo hilo liliruhusu mdai apunguze deni ili alipwe mapema, maadamu jambo hilo halikushurutishwa tangu mwanzo. Basi mlango wa kupunguza uko wazi, na mlango wa kuongeza umefungwa.

HOJA ZA WANAOPINGA

Hoja ya kwanza ni dharura. Wanasema wagonjwa watakufa tukingoja mtaji wa halali. Tunajibu kwamba dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Mtu asiye na chakula ila mzoga hula cha kumwokoa, hafungui bucha ya mizoga. Mgonjwa ana dharura. Kampuni inayotaka tawi la tano ina tamaa ya kukua, na tamaa si dharura hata ikijengewa wodi. Isitoshe, historia inawakanusha. Bimaristani ya Nuruddin pale Damascus, iliyojengwa mwaka 1154, na ile ya Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, ziliendeshwa kwa mapato ya wakfu: mashamba, maduka na nyumba za kupangisha. Na tusiende mbali. Mkomaindo, Lulindi na Ndanda, hospitali ambazo wazee wetu na sisi wenyewe tumetibiwa, zilitokana na wamisionari waliokusanya michango ya watu wa dini yao. Daktari Leader Stirling aliyekuja sehemu hizi mwaka 1935 alifanya upasuaji Lulindi katika majengo duni sana, na baadaye akawa Waziri wa Afya wa nchi hii. Sisi wenye wakfu na zaka ndio tunaosema kwamba bila riba haiwezekani? Hii ni aibu.

Hoja ya pili inatoka upande wa pili kabisa. Wapo baadhi ya masheikh wetu wanaosema kwamba hisa zote ni kamari na soko la hisa ni nyumba ya shetani, basi Mwislamu akae mbali. Tunawaheshimu, lakini kauli hii haisimami. Neno lenyewe "hisa" ni la Kiarabu, na maana yake ni fungu. Watu kuchanga mafungu katika biashara wakagawana faida na hasara ni sharika, na sharika ni halali kwa ijmai. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza kazi tarehe 15 Aprili 1998, kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa TOL, ambayo miongoni mwa bidhaa zake ni oksijeni ya hospitali. Ni kamari gani iliyomo katika kumiliki fungu la mtambo unaotoa pumzi ya mgonjwa? Uharamu huingia kwa mambo mengine: riba katika mizania, udanganyifu katika hesabu, na ulanguzi wa bei. Tukiwakataza watu kilicho halali, tunawasukuma wakimbilie kilicho haramu, kwa kuwa fedha zao lazima ziende mahali.

Hata hivyo hatusemi kila hisa ni safi. Baraza la Fiqhi mwaka 1992 lilisema kwamba asili ni haramu kununua hisa za kampuni ambayo kazi yake ni halali lakini mara nyingine inaamiliana kwa riba. Taasisi ya AAOIFI ya Bahrain, kwa kuzingatia ugumu wa zama hizi, imelegeza kwa masharti: deni la riba lisizidi asilimia 30 ya thamani ya hisa zote sokoni, amana za riba zisizidi asilimia 30, pato la haramu lisizidi asilimia 5, na mwanahisa atoe sehemu hiyo ya haramu asinufaike nayo. Sisi tunaelemea kauli ya Baraza, na hatumlaumu anayefuata ya pili. Lakini asitokee mkurugenzi akasema kwamba ameruhusiwa kukopa kwa riba mpaka asilimia 30. Ruhusa ile ni ya mnunuzi wa hisa aliyekuta mambo yamekwisha fanyika. Anayesaini mkopo wa riba, hata wa asilimia moja, ametenda haramu, na AAOIFI wenyewe wamelisema hilo.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi. Wanasema kwamba deni likigeuzwa kuwa hisa, waanzilishi watapoteza kampuni yao na wageni watamiliki hospitali. Ni kweli fungu lao litapungua. Lakini uadilifu ni upi? Uliichukua mali ya mtu, umeshindwa kuirudisha, na bado unataka kubaki mmiliki wa kila kitu? Anayekubali fungu lake lipungue kwa maridhiano, kwa thamani ya haki siku hiyo, ameibakisha hospitali hai na ameilinda dini yake. Anayeshikilia umiliki wote kwa kuongeza riba atapoteza vyote viwili kwa pamoja.

TUFANYE NINI MASASI NA NEWALA

Kwanza, tuulize kabla ya kununua. Kampuni ya afya ikija kutuuzia hisa mpya, kamati za misikiti na kila mwenye fedha ya korosho waulize: fedha hizi zinakwenda wapi? Zikienda kununua mashine, kujenga maabara, kuajiri wakunga, huo ni mtaji. Zikienda kumlipa mkopeshaji riba iliyolimbikizwa, basi aliyenunua hisa hakununua fungu la hospitali, amenunua fungu la adhabu. Waulize pia deni ni kiasi gani na ni la aina gani, nani amekagua hesabu, na nani anaidai kampuni na nani anadaiwa nayo. Asiyejibu maswali haya kwa maandishi asipewe hata shilingi, ajapokuwa amevaa kanzu na kuanza kwa Bismillah.

Pili, tukusanye mtaji wetu kwa njia ya sharika. Tumeona wenzetu wakifanya. Soko la Dar es Salaam lilipofungua dirisha la kampuni changa mwaka 2013, benki ya Maendeleo iliyotokana na Walutheri iliorodheshwa mwaka huo huo, ikafuata Mkombozi ya Wakatoliki mwaka 2014, na benki ya walimu mwaka 2015. Biashara yao ni ya riba na hatuisifu. Tunachokitazama ni kwamba watu wa kawaida walichanga mafungu madogo madogo wakapata kitu kikubwa. Mikononi mwa waumini wa misikiti yetu, katika miezi ya minada, Oktoba hadi Desemba, hupita fedha za kutosha kuanzisha zahanati yenye maabara, kisha ya pili, bila kukopa. Zipitazo huishia katika pikipiki na karamu, na ikifika Machi tunarudi kwa mtu wa kangomba.

Tatu, tuandike. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni aya ya kuandikiana madeni. Sharika isiyoandikwa na isiyosajiliwa, iwe kama ushirika au kama kampuni, ni fitina inayosubiri siku yake. Kila mchangaji apewe hati ya fungu lake, hesabu zikaguliwe kila mwaka na mtu asiye jamaa wa mwekahazina, na zisomwe hadharani baada ya swala ya Ijumaa.

Nne, tukidai tuwe kama Ka'b. Wapo miongoni mwetu wenye maduka ya dawa na vifaa wanaoziuzia zahanati kwa mkopo. Zahanati ikishindwa kulipa, wasiongeze. Wape muhula, au wapunguze, au wachukue fungu. Na wanaodaiwa nao wawe kama Ibn Abi Hadrad: wakisamehewa nusu, wasimame wakalipe nusu iliyobaki. Deni si jambo jepesi katika dini yetu. Mtume (s.a.w.) alijizuia kumswalia maiti aliyeacha deni mpaka Abu Qatada alipojitwika kulilipa. Kama deni la kawaida, lisilo na riba, lilisimamisha jeneza, mnadhani deni la riba litasimamisha nini?

Ndugu Waislamu, mgonjwa anapoingia hospitali anatafuta shifaa, na shifaa iko mikononi mwa Allah. Hatuwezi kuiomba kwake usiku tukiwa tumetangaza vita naye mchana, kwani Suratul Baqara, aya ya 279, imewatangazia vita wasioacha riba, wala haikuwatoa wenye hospitali.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awalipie wenye madeni miongoni mwetu, atutosheleze kwa halali yake tusiihitaji haramu, na azijaalie mali za watu wa nyanda hizi ziwe sababu ya uhai wa waja wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.